Chombo Chenye Adabu Kuliko Vyote

Mwanasheria wa Shirika letu ameniagiza nianze kwa kusema kwamba nchi ninayoisimulia haipo. Basi, haipo. Haina jina, haina mipaka, na ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure. Ina shida kidogo ya maji, na ndiyo maana ina Shirika la Taifa la Maji Tele, ambalo mimi, Kibwana Mlekwa, ndiye msemaji wake. Kazi yangu ni kusema. Kusikia kuna idara yake, ghorofa ya chini, nao siku hizi wako likizo.

Kabla sijaenda mbali nieleze desturi yetu moja, maana mgeni asipoijua ataona sisi ni waongo, na sisi si waongo hata kidogo. Kwetu nambari haiendi kwa mkubwa ikiwa uchi. Tuseme fundi amechungulia tangi akaona maji yamebaki robo. Hiyo robo imetoka tu kuzaliwa, haina hata kitambaa. Fundi hawezi kuipeleka wilayani hivyo hivyo. Anaivisha fulana kwanza, inakuwa robo na ushei. Wilaya inaivisha shati, inakuwa nusu. Mkoa unaivisha koti, inakuwa inakaribia kujaa. Ikifika Makao Makuu, Mkurugenzi Mkuu anaifunga tai kwa mkono wake mwenyewe, na hapo tangi linafurika. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu ameongeza heshima yake kidogo tu, kama vile unavyokwenda kumwona mgonjwa ukiwa na machungwa mkononi.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka siku Kiongozi Asiyechoka alipokuja kutuzindulia ukumbi wa kujadili uhaba wa maji. Kiongozi Asiyechoka ndilo jina lake la kikatiba. Alikata utepe, akanywa maji ya chupa kutoka ng'ambo, kisha akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye ratiba.

"Hivi tangi la Mkavuni lina maji kiasi gani?"

Wakasimama watu wanne kwa pamoja, na kila mmoja alijibu kwa sauti ya uhakika kabisa. Fundi akasema robo na ushei. Wa wilaya akasema nusu. Wa mkoa akasema linakaribia kujaa. Mkurugenzi Mkuu akasema linafurika.

Kiongozi Asiyechoka akakaa chini, maana alikuwa amechoka.

"Nataka nambari moja," akasema. "Kila ofisi, nchi nzima, nambari moja. Kama hamuwezi, semeni, nina wapwa wengi hawana kazi."

Mkurugenzi wetu Mkuu, Dakta Balozi Ezekia Lugendo, alitoka pale shati limelowa mgongoni. Nikasema kwa waandishi wa habari kwamba hiyo ilikuwa ishara ya maji tele.

*

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mkavuni. Nililelewa na dada yangu, Siwema, baada ya mama yetu kufariki. Aliuza maandazi akanisomesha, kisha akajisomesha yeye unesi, na sasa ndiye anayesimamia zahanati ya mji ule. Namwogopa na ninampenda, na sijui ni kipi kinatangulia. Jioni ile akanipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kibwana, boza halijaja."

Mkavuni hakuna mto wala kisima. Maji huletwa na boza la Shirika, linamimina kwenye tangi kubwa la mji, na kutoka hapo watu wanateka. Boza likichelewa, zahanati inakauka kabla ya wengine, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoosha kila kitu.

"Litakuja, dada. Tunaunda Kamati."

"Kamati inabeba lita ngapi?"

"Ni kamati ya kuchagua chombo, dada. Chombo cha kunakili na kuunganisha takwimu. Ni programu ya kompyuta. Inachukua nambari iliyoko ofisi moja na kuipeleka kwenye ofisi zote, ili wote tuone kitu kimoja. Tukishaona kitu kimoja, maboza yatakwenda panapohitajika."

Akanyamaza kidogo. Dada yangu akinyamaza, mimi hukaa wima hata nikiwa kitandani.

"Haya," akasema. "Fanyeni haraka. Mke wa Chande ana mimba pevu, na uchungu haungoji kikao."

Chande ndiye yule fundi wa tangi, mwenye robo na ushei.

*

Kamati ilitumia vikao vyake vya mwanzo kupanga sifa za chombo tunachokitaka. Tulikubaliana kiwe na kasi, kiwe salama, na kifahamike kwa urahisi. Mjumbe mmoja akaomba kiwe cha bluu. Ndipo Dakta Lugendo akainua kalamu.

"Mmesahau jambo la msingi," akasema. "Kiwe na adabu."

Tukapiga makofi, na adabu ikapewa alama nyingi kuliko zile nyingine zote zikijumlishwa.

Mzabuni wa kwanza aliitwa Injinia Hidaya Kombe, mwanamke wa maneno machache, na chombo chake kiliitwa Kioo. Aliweka ndoo ya maji katikati ya meza, akatumbukiza kijidude chenye waya, na skrini zote ukumbini zikaonyesha kiasi cha maji kilichomo. Kisha akachota kikombe akanywa. Papo hapo skrini zote zikashuka.

Ukumbi ukaguna.

"Imepungua!" akasema mjumbe wa mkoa. "Imepungua mbele za watu!"

"Ndiyo," akasema Injinia Hidaya. "Nimekunywa."

Dakta Lugendo akavua miwani. "Binti yangu, heshima unaiweka hatua ya ngapi?"

"Hakuna hatua hiyo, Mheshimiwa. Nambari inafika kama ilivyoondoka."

"Uchi?"

"Kama ilivyoondoka."

"Na zikigongana mbili? Fundi anasema hivi, mimi nasema vile, chombo chako kinamfuata nani?"

"Kinamfuata aliye karibu na maji."

Mjumbe wa wilaya aliziba macho kwa mikono yake, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Injinia Hidaya alikusanya waya zake bila hasira. Mlangoni akageuka, akatuomba kwamba chombo chochote tutakachokichagua, tukijaribu kwanza kwenye tangi moja, tukaangalie kwa macho, ndipo tukisambaze nchi nzima. Dakta Lugendo akamjibu kwamba kujaribu ni dalili ya kutokuwa na imani.

Kwenye adabu alipata sifuri. Lakini karani aliona vibaya kumpelekea mwenyekiti sifuri, akaivisha kidogo, mwenyekiti naye akaivisha, na kwenye jumla ya mwisho nusura mwanamke yule ashinde.

Mzabuni wa pili alikuwa na chombo kinachonakili pande zote kwa wakati mmoja, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Tulikiwasha kidogo tu. Kikanakili mshahara wa Dakta Lugendo kwenye jina la mfagizi, na wa mfagizi kwenye jina la Dakta Lugendo. Kabla hatujafanikiwa kukizima, mfagizi alikuwa ameshaacha kazi na kuaga.

Akaja wa tatu, Bwana Faraji Tandiko. Huyu alikuja na suti ya kijivu, sauti laini, na sambusa za moto kwa wajumbe wote. Chombo chake kiliitwa Teremko.

"Waheshimiwa," alianza, "takwimu ni kama maji. Zina tabia ya kutoka juu kwenda chini. Wenzangu waliotangulia walitaka maji yapande mlima."

Tukacheka kwa dharau tukiwafikiria wenzake waliotangulia.

"Teremko inachukua nambari iliyoko juu kabisa, ile iliyokwisha kuvaa ikapendeza, na kuishusha mkoani, wilayani, hadi kwenye tangi lenyewe. Kila mtu anaona nambari moja. Ile ya juu."

"Na zikigongana?" akauliza Dakta Lugendo, akiwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Inashinda yenye cheo kikubwa."

"Na njia ya kutoka chini kuja juu?"

"Ilikuwepo, Mheshimiwa. Tumeiziba kwa sababu za kiusalama."

"Na hiyo nambari ya juu kabisa, nani anaiandika?"

Bwana Tandiko akainama mpaka tai yake ikagusa sambusa. "Nani mwingine, Mheshimiwa?"

Dakta Lugendo akatoa leso. Nilikuwa karibu naye, niliona machozi, na sioni aibu kusema kwamba mimi pia yalinilengalenga. Akasimama, akatoa kiapo ambacho nilikiandika neno kwa neno.

"Mimi nilikuwa bingwa wa kuogelea wa shule yetu," alisema, na ilikuwa kweli, ingawa shule ile haikuwa na bwawa. "Siku ya kuzindua Teremko nitakwenda kwenye tangi lililojaa kuliko yote nchini, na nitajitosa humo kwa kichwa."

Mjumbe mmoja tu ndiye aliyekuwa na swali. Aliuliza kama kuna ya bluu. Ilikuwepo.

*

Teremko ilipowashwa, Dakta Lugendo aliketi mbele ya kompyuta yake, akavuta pumzi, akaandika neno moja: LIMEJAA. Akabonyeza. Dakika hiyo hiyo matangi yote ya nchi yakajaa. Kwenye skrini ilikuwa kama sikukuu. Nilitoa taarifa kwamba tatizo la maji limekwisha na kwamba wananchi watumie kwa uangalifu.

Kulitokea kasoro ndogo tu, tena ya upande wa matangi. Kila tangi lina geji ubavuni, mshale unaoonyesha kiasi cha maji, na geji hizi hazikuwa zimeunganishwa na Teremko. Zikaendelea kuonyesha mambo yao ya zamani. Shirika likatuma mafundi wa kuchomelea nchi nzima, wakaichomelea mishale yote pale palipoandikwa JAA. Kule Mkavuni, Chande mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi. Aliniambia baadaye kwamba alipogonga tangi kwa spana lililia kama debe tupu, na fundi wa kuchomelea alimkanya asigonge mali ya umma.

Maboza nayo yakatulia. Teremko hutuma boza pale tu ambapo tangi halijajaa, na matangi yasiyojaa hayakuwepo tena. Basi madereva wakayapanga kwenye uwanja wa Makao Makuu, yakiwa na maji yake ndani, wakaketi kivulini kucheza bao.

"Kibwana!" Dada Siwema hakungoja hata nimwamkie. "Boza liko wapi?"

"Dada, boza la nini? Nakuangalia hapa kwenye skrini. Mnafurika."

"Tunafurika nini?"

"Maji, dada. Tena mmepita kipimo, naona na alama nyekundu."

"Kibwana. Nimechemsha vyombo kwa maji ya madafu ya mwenyekiti wa mtaa. Watu wanatembea tangu alfajiri kufuata madimbwi. Zahanati ina ndoo moja, nimeifungia kabatini, ni ya mke wa Chande. Moja. Unanisikia?"

Nilisikia. Roho iliniuma, nasema wazi. Lakini skrini ilikuwa mbele yangu, mpya, ya bluu, na inameremeta.

"Lakini dada, mfumo unasema..."

"Basi ibebe hiyo skrini uje unioshee mzazi nayo!"

Akakata. Nilipanda ghorofa kwa mkuu wa idara ya Maafa, nikamwambia Mkavuni kuna hali ya hatari. Akaangalia skrini, akaona ile alama nyekundu ya kufurika, akashtuka kweli kweli. Nampongeza mtu yule, hakulala. Alituma msaada siku ile ile: mtumbwi mmoja na makasia yake, maboya ya kuvaa kwa kila mkazi, na mwalimu wa kuogelea. Mwalimu aliwapanga watu kwenye uwanja wa vumbi, akawafundisha kupiga mikono. Inasemekana walielewa haraka.

*

Mnajua ni tangi gani lilichaguliwa kwa uzinduzi. Liliongoza nchi nzima kwa kufurika.

Siku mbili tatu kabla ya sherehe, dada akanipigia tena, na safari hii hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa imekauka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mdogo wangu, wanajenga jukwaa juu ya tangi. Ubao wa kurukia. Ni kweli bosi wako anaruka?"

"Kwa kichwa, dada."

"Mwambie tangi ni kavu. Chini ni saruji. Mwambie mimi nimesema, Siwema."

Sikuchelewesha hata kidogo. Lakini msemaji hamwendei Mkurugenzi moja kwa moja. Nilipeleka ujumbe kwa Katibu wake Msaidizi. Niliuvisha kifulana tu, nyumbani ni nyumbani: "Tangi la Mkavuni ni kavukavu." Katibu Msaidizi akauvisha shati: "Tangi halina unyevunyevu." Katibu Mkuu akauvisha koti: "Tangi halina tone la uchafu." Na ulipofika kwa Dakta Lugendo ulikuwa umefungwa tai: "Tangi la Mkavuni ni safi kabisa, wananchi wanakungoja uingie."

Akaniita kunishukuru. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini akanipiga begani akasema, "Kibwana, watu wenu wa Mkavuni ni waungwana," na sikujua pa kuanzia.

*

Siku ya sherehe kulikuwa na bendi, hema, na wakazi wote wakiwa wamevaa maboya, kama walivyoagizwa. Bwana Tandiko alikuja na kishikwambi chenye Teremko ndani. Dakta Lugendo alishuka garini akiwa na joho la taulo, chini ya joho kaptula yenye rangi za bendera. Alipanda ngazi ya tangi taratibu, akipunga mkono.

Dada Siwema alipenya katikati ya walinzi akiwa na gauni lake jeupe la kazi, akasimama chini ya ngazi.

"Mheshimiwa, usiruke! Humo hamna maji!"

Dakta Lugendo akamtazama kwa huruma. "Nesi, mama yangu, umechungulia wewe?"

"Nimechungulia."

"Kwa macho?"

"Kwa nini kingine?"

Akageuka kwa Bwana Tandiko, akaonyeshwa kishikwambi. LIMEJAA. Akaonyesha geji ubavuni mwa tangi. JAA. Akaninyooshea kidole mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na watu wote wa mji nilikozaliwa walikuwa wananitazama, na dada yangu akiwemo.

"Msemaji, sema," akasema Dakta Lugendo.

Nikasema, "Mheshimiwa, nadhani ungetanguliza miguu."

Ndilo jambo la ujasiri kuliko yote niliyowahi kusema katika utumishi wangu, na madaktari wanakubali kwamba lilimwokoa. Alitanguliza miguu. Tulimwona akiruka vizuri, mikono kaifumbata kifuani, akatoweka. Ukasikika mlio. Haukuwa mlio wa maji. Ratiba ilisema hapo pafuate makofi, kwa hiyo makofi yakafuata, na bendi ikapiga.

Chande alishuka ndani kwa kamba akamtoa.

*

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Walimlaza zahanati, kwenye kitanda kilichokuwa karibu na mlango, kwa sababu ndani, nyuma ya pazia, mke wa Chande alikuwa ameshashikwa na uchungu. Dada alitoa bandeji ya plasta, ile inayolowekwa majini ndipo ifungwe ikaukie mguuni.

"Funga basi!" akalia Dakta Lugendo.

"Inataka maji."

"Weka maji!"

"Maji yako kwenye kishikwambi, Mheshimiwa."

Akapiga simu Makao Makuu. Alikuwa amepauka usoni, lakini sauti ya mamlaka alikuwa nayo bado. Nilisikia majibu ya kijana wa zamu, maana simu ilikuwa na sauti kubwa.

"Mkavuni? Haiwezekani. Mkavuni imejaa."

"Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu! Nipo Mkavuni! Pamekauka!"

"Ndugu, usinitanie. Mkurugenzi Mkuu muda huu anaogelea. Nimeshampelekea na hongera."

Simu ikakatwa. Dakta Lugendo akamgeukia mjumbe wa wilaya, aliyekuwa amesimama pale na boya lake shingoni.

"Wewe! Panda gari, nenda kawaambie. Sifuri. Waambie sifuri!"

Mjumbe wa wilaya akainama kwa heshima kubwa. "Mheshimiwa, siwezi kwenda na nambari uchi namna hiyo kwa mkubwa."

"Mkubwa ni mimi!"

"Ndiyo maana, Mheshimiwa."

Nyuma ya pazia mke wa Chande akapiga ukelele. Dada akasimama, akafungua kabati, akatoa ile ndoo moja. Dakta Lugendo akaiona. Macho yake yaliifuata ilivyokuwa ikivuka chumba, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza maishani kujua hasa ndoo ya maji ni kiasi gani.

"Nesi," akasema kwa unyonge. "Kidogo tu."

"Pole sana, baba," dada akamjibu, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Kuna mwenye zamu mbele yako."

Akaingia nyuma ya pazia. Mguu wa Mkurugenzi Mkuu nikaufunga mimi na Chande, kwa makasia mawili ya mtumbwi na boya, na Chande macho yake yalikuwa kwenye pazia, si kwenye mguu. Halafu mtoto akalia. Chande akaketi sakafuni. Wa kike, dada akasema kutoka ndani, salama, na mama salama. Nikalia kama mtoto mwenyewe, na Dakta Lugendo akalia, kila mtu kwa sababu yake. Kisha tukamlaza kwenye ule mtumbwi, tukaupandisha juu ya gari, akarudi mjini kwa chombo cha majini katika barabara ya vumbi.

*

Nililazimika kutoa taarifa. Niliandika kwamba Mkurugenzi Mkuu alijitosa katika tangi la Mkavuni na hakupata tatizo lolote la maji. Taarifa ikapanda. Kila ofisi ikaivisha kilichobaki, na ilipofika Ikulu ilikuwa ni habari ya tangi lenye maji matamu kuliko yote duniani, ambamo mzee wa watu aliogelea mpaka akasahau kutoka. Kiongozi Asiyechoka aliposoma akaweka miwani chini.

"Na mimi nataka," akasema.

Hapo ndipo mngeona kazi. Maboza yote ya Shirika yaliondoka uwanjani kwa msafara, madereva wameacha bao kati. Tangi la Mkavuni likaoshwa, likajazwa mpaka ukingoni, na geji, kwa mara ya kwanza tangu ichomelewe, ikasema kweli, bila kusogea hata kidogo. Na likawekewa askari, bunduki mkononi, mtu asiguse. Dada alikwenda na ndoo yake akafukuzwa.

"Mama, haya ni maji ya kuogelea," askari akamwambia. "Ya kunywa hatujaletewa amri."

Akanipigia simu. Nilitegemea matusi. Hakutukana, alikuwa anapumua tu, na nyuma yake nilimsikia mtoto wa Chande akilia.

Nilikaa mbele ya mashine yangu. Miaka yote nimevisha nambari za watu, maneno ya watu, na sikuwahi kuvisha chochote kwa ajili ya dada yangu. Nikaandika tangazo la usalama, nikaligonga mhuri wa Shirika. Lilisema kwamba imegundulika tangi lililojaa kupita kiasi laweza kuhatarisha maisha ya Kiongozi Asiyechoka, ambaye kimo chake ni siri ya taifa. Kwa hiyo wakazi wa Mkavuni wanaamriwa, kila siku asubuhi na jioni, kupunguza maji kwa ndoo, na atakayekaidi atachukuliwa hatua. Na kwamba kila yanapopungua yajazwe upya mara moja, ili akija akute limejaa.

Tangazo likashuka. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa Teremko haina njia ya kuuliza. Askari walewale waliokuwa wakifukuza watu wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakiwahimiza watoke na ndoo.

Kiongozi Asiyechoka bado hajaja. Ana mambo mengi. Ziara imeahirishwa, ikapangwa, ikaahirishwa tena, na kila inapoahirishwa maboza yanazidi kwenda. Dakta Lugendo alipewa nishani ya kuogelea. Anachechemea mpaka leo, na anakatazwa kutumia fimbo, maana kwenye Teremko miguu yake ni mizima. Miji mingine imekwisha kupata fununu. Mezani kwangu kuna rundo la maombi, kila mji unamsihi Kiongozi Asiyechoka aje aogelee kwao, na hakuna hata mmoja unaoomba maji.

Jana dada alinipigia. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni, na mtoto akicheka.

"Kibwana, huyo mkubwa wenu anakuja lini?"

"Wanasema mwezi ujao, dada."

"Mwambie Mkavuni tunamsubiri kwa hamu kubwa. Mwambie hatulali kwa kumsubiri." Akanyamaza kidogo, nami nikakaa wima. "Haya, sasa wewe livue nguo hilo neno, ulione. Kisha ulivishe tena ulipeleke."